Wiki tatu nadodosa wanandoa Moshi, kila nyumba ni "tano". Wanasaikolojia hupataje ukweli?

Karani wa Rau
Wakuu, habari za jioni.

Nimepata kibarua cha udodosaji kwenye utafiti mmoja wa mahusiano ya wanandoa, mradi wenyewe siutaji. Tunazunguka mitaa ya Moshi kila mtu na kishkwambi chake na kofia ya bure. Maswali ni sitini na kitu, mengi ya namna hii: "Unaridhika kiasi gani na jinsi mwenzi wako anavyokusikiliza? Moja ni hapana kabisa, tano ni sana."

Wiki tatu sasa. Tano, tano, tano, nne ya kuzugia, tano. Ukisoma kishkwambi changu utadhani mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yamefungwa kwa kukosa wateja.

Kilichonileta hapa ni nyumba moja. Baba yuko kibarazani anapukuchua mahindi, mama nimemkalisha upande wa pili, hatua kama nne. Kila swali mama anatupa jicho kibarazani, kisha anasema tano. Tulipofika kwenye la kusikilizwa, baba akajibu yeye: "Andika tano, sisi hatuna shida." Nikaandika. Tulipomaliza mama akanisindikiza mpaka getini, akaangalia nyuma, akasema taratibu, "Mwanangu, ile ya kusikilizwa weka mbili." Akarudi ndani.

Nilikuwa nimeshabonyeza kutuma. Mpaka leo iko tano.

Naomba kujua mambo mawili. Hawa wanasaikolojia wanaotuandikia kuhusu ndoa wanapataje ukweli, maana kama ni kwa njia yetu hii basi tumeliwa. Na ile tano, niifanyeje?

Bosi wa Boda
Nimeweka kiti mbele kabisa.

Ila na wewe mangi, unamhoji mke wa mtu, mume yuko hatua nne, ulitegemea nini? Mimi mke wangu akiwa chumba cha pili nasema tano hata ukiniuliza chumvi ya mboga.

Kalamu ya Njiro
Mkuu Karani, nafundisha saikolojia chuo kimoja huku Arusha, ngoja nichangie.

Kumuuliza mtu ajieleze mwenyewe ndiyo njia inayotumika kuliko zote, kwa sababu ni rahisi. Ugonjwa wake nao unajulikana siku nyingi: watu hujibu kinachopendeza. Mwaka 1960 Douglas Crowne na David Marlowe walitunga kipimo kizima cha kunasa tabia hiyo, kauli 33. Zipo za namna ya "sijawahi kumchukia mtu sana" na "nikikosea siku zote niko tayari kukiri". Mtu akikubali zote hizo, ama ni malaika ama anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukishajua nani ni wa namna hiyo, tano zake unazisoma kwa tahadhari.

La baba kibarazani ni kosa la utaratibu wenu. Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti wake wa nchi kadhaa kuhusu afya ya wanawake na ukatili majumbani, Tanzania ikiwemo kwa Dar es Salaam na Mbeya, masharti yalikuwa magumu. Wadodosaji ni wanawake. Kila kaya anahojiwa mwanamke mmoja tu. Mtaani utafiti unatambulishwa kama wa afya na maisha, basi. Na mtu akitokea katikati ya mahojiano, mdodosaji anahamia papo hapo kwenye maswali ya kawaida mpaka aondoke. Kwenu naona hata kiti hakikusogezwa.

Mama Kiboriloni
Mimi ni mmoja wa hao wa tano. Nimeshadodoswa mara mbili, mara ya pili nikapewa sabuni.

Kijana wangu, nikuambie kwa nini tunasema tano. Ukija kwangu ukaniuliza habari za nyumbani, nitasema nzuri. Hata kama kuna mgonjwa ndani nitasema nzuri, kwani nitakupokea na matatizo mlangoni? Ukikaa, ukanywa chai, ukaniuliza habari za biashara na za watoto, ndipo nitasema: nzuri, ila huyu mdogo hajalala usiku wa pili huu. Nzuri iko sebuleni. Ila iko chumbani. Kishkwambi chako kinachukua nzuri kinaondoka.

Huyo mama alikusindikiza getini akakupa ila yake. Hukumuuliza wewe, amekupa mwenyewe.

Karani wa Rau
Shikamoo mama. Hii nimeipiga picha.

Nesi wa Zamu
Kabla hatujaendelea. Karani, umekula kiapo cha kutunza siri halafu unatueleza mahindi, kibaraza, hatua nne, na maneno ya getini? Huyo baba akipita hapa hajitambui?

Karani wa Rau
Dada umenipiga sawa. Nilibadilisha vitu kabla ya kuandika: mtaa, kazi aliyokuwa anafanya baba, na mambo mengine mawili. Maneno ya getini tu ndiyo yenyewe.

Kalamu ya Njiro
Nesi yuko sahihi.

Nirudi kwa mama wa Kiboriloni, maana ametaja kitu ambacho mimi humaliza muhula mzima kukifundisha. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala. Alitaka kujua mtoto mchanga anajengaje ukaribu na mama yake. Angeweza kuchapa dodoso. Yeye alitafuta mkalimani akaanza kwenda vijijini, kwa akina mama 26, kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila safari, wengine mpaka miezi tisa. Na alikwenda mchana baada ya kazi, akakaa sebuleni, kwa sababu ndio wakati ambao mama wa Kiganda kwa desturi hupokea wageni. Anazungumza na mama huku jicho liko kwa mtoto: analia nani akitoka, anamtambalia nani, akiogopa anarudi kwa nani. Kitabu kilitoka 1967.

Aliporudi Marekani alirudia kazi hiyo Baltimore, kila familia akiitazama jumla ya saa 72 hivi ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto. Baada ya hapo ndipo likaja lile jaribio lake maarufu la dakika kama 20, mama anatoka chumbani, mgeni anabaki, mtoto anatazamwa mama akirudi anafanya nini. Siku hizi watu wananukuu zile dakika 20. Saa 72 hawazitaji, na chai ya Uganda ndiyo kabisa hawaijui.

Engo wa Sakina
Prof, huyo mama alikuwa na miezi tisa. Karani analipwa kwa dodoso.

Halafu huyo alitazama watoto. Mtoto hajui kuigiza. Watu wazima nani atagombana mbele ya mgeni? Mgeni akiwepo kwangu naitwa "baba fulani, karibu maji". Akitoka geti naitwa "wewe".

Kalamu ya Njiro
Swali zuri Engo, na jibu lake linashangaza: wanagombana.

Robert Levenson na John Gottman walianza hivi miaka ya 1980. Mume na mke wanaambiwa wasizungumze kwa muda wa saa nane au zaidi, kisha wanakutana maabara jioni, wanakalishwa wakitazamana. Kwanza dakika 15 za habari za kutwa. Halafu dakika 15 za jambo wanalogombania nyumbani, walilolitaja wenyewe. Halafu dakika 15 za jambo la kufurahisha. Muda wote kamera zinawarekodi, na mwilini wamefungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, jasho la viganja na kutikisika kwa mwili. Sura unaweza kuitengeneza. Jasho la kiganja utalitengenezaje?

Siku nyingine kila mmoja peke yake anaitazama ile video na kuzungusha kitufe kuonyesha alikuwa anajisikia vipi sekunde ile. Hapo umepata mume alivyojisikia, mke alivyojisikia, miili yao ilivyosema, na watu wa pembeni walivyoona, vyote kwa dakika ileile.

Baadaye Gottman akawa na nyumba ndogo ya maabara pale Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambamo wanandoa walishinda siku moja wakipika na kupumzika kama nyumbani, kamera zikiwaka. Watu waliofunzwa wanapitia kanda na kuweka alama ya hisia kwa kila kipande: hasira, huzuni, kejeli, dharau. Kwenye orodha yake, dharau ndiyo aliyoiona mbaya kuliko zote.

Sasa hapa nina neno langu. Dharau ya Mmarekani inatambuliwa kwa kupindisha macho na kuinua kona ya mdomo. Ya kwetu je? Msonyo unao alama yake? Kubinua midomo? Na kunyamaza: kwao mtu akinyamaza kwenye ugomvi anahesabiwa amejenga ukuta. Kwetu mke au mume anaweza kunyamaza kwa sababu mama mkwe yuko chumba cha pili, au amenuna, au ameamua asimwage mchele kwenye kuku wengi. Hivyo ni vitu vitatu na kanda inaonyesha kimoja. Ukimleta mweka alama asiyejua msonyo wa Kilombero sokoni, ataandika "sauti isiyo na maana".

Mama Kiboriloni
😂😂 Msonyo usio na maana haujazaliwa.

Engo wa Sakina
Si ndiye huyo anayetabiri talaka kwa asilimia 90 na zaidi? Hapo ndipo mimi huwa naweka chini.

Takwimu za Soweto
Engo una haki ya kuweka chini, niliunge mkono hilo maana ndiyo kazi yangu.

Fundi wa Mbuyuni anakupima, anakukatia suti, unaivaa, halafu anajisifu "ona ilivyokukaa". Lazima ikukae, kaikata kwenye mwili wako. Mwambie aitundike, aje mtu asiyemjua aivae. Kutabiri talaka kulisifiwa hivyohivyo: walishajua nani ameachana, wakatafuta hesabu inayotenganisha waliobaki na walioachana, hesabu ikapata. Mwaka 2001 Richard Heyman na Amy Smith Slep walionyesha hatari hiyo kwa data nyingine. Walitengeneza mlinganyo kwa nusu ya watu, wakaujaribu kwa nusu ya pili, usahihi ukaporomoka.

Ila msikimbie kuchoma madodoso. Mwaka 2020 kundi kubwa la watafiti likiongozwa na Samantha Joel lilikusanya seti 43 za data za jozi 11,196 za wapenzi na wanandoa na kuziingiza kwenye kompyuta ijifunze yenyewe. Kilichoeleza zaidi kuridhika kwa mtu ni jinsi mtu mwenyewe anavyouona uhusiano wake: mwenzangu amejitoa kwangu kiasi gani, ananithamini kiasi gani. Majibu ya mwenzi wake, ukishayajua ya mtu mwenyewe, yaliongeza kidogo sana. Na nani ataongezeka furaha au kupungua miaka ijayo, kompyuta ilishindwa karibu kabisa. Kwa hiyo kumuuliza mtu kuna faida, bora ajibu yeye na si wa kibarazani.

Mzee wa Machame
Wajukuu, nawasoma.

Sisi hatukuwa na kitufe cha kuzungusha. Kijana akitaka binti wa watu, mshenga hakuanza kwa kumuuliza kijana wala binti, hao wote wameshalewa. Alipita kwa jirani wa juu, akapita kwa jirani wa chini, akakaa kwenye mbege, akauliza habari za migomba ya kihamba kile. Huwezi kuzungumzia migomba ya mtu saa mbili bila kumtaja mkewe na watoto wake. Akiinuka pale ameshajua.

Na ndoa ikitikisika, unatazama nani amebeba jani la sale kwenda kuomba radhi, na mwenzake amelipokea kwa mkono gani. Basi, hilo ndilo dodoso.

Kalamu ya Njiro
Shikamoo mzee wangu. Mshenga ana watetezi Kanada, sijui kama unajua.

Tara MacDonald na Michael Ross, 1999, waliwachukua wanafunzi wa chuo wenye wapenzi, wakawauliza uhusiano wenu utadumu muda gani. Swali hilohilo wakawauliza wazazi wao na wenzao wa chumba kimoja. Wenye mapenzi walijibu kwa uhakika kuliko wote. Muda ulipopita, wazazi na wenzao wa chumbani walikuwa wamekisia vizuri zaidi.

Mzee wa Machame
Marahaba. Walevi hawapimi pombe.

Bosi wa Boda
Wazee mmeshika jukwaa. Hakuna utafiti wa sisi ambao hatujaoa?

Kalamu ya Njiro
Upo, Bosi. Vancouver, 1974, Donald Dutton na Arthur Aron. Kuna daraja la kuning'inia la Capilano, urefu mita 137 hivi, linayumba, chini mita 70 za korongo. Binti mrembo anasimama pale, anawasimamisha wanaume wanaovuka bila mwanamke, anawapa dodoso fupi, kisha anawapa namba ya simu wakitaka maelezo zaidi. Binti huyohuyo anafanya hivyo kwenye daraja imara la mbao, la chini, mto uleule. Waliopokea namba kwenye daraja la kuyumba walikuwa 18, wakapiga 9. Daraja imara, 16, wakapiga 2. Hoja yao: moyo unadunda kwa woga, mtu anadhani unadunda kwa binti.

Engo wa Sakina
Au anayethubutu daraja la kuyumba ndiye huyohuyo anayethubutu kupiga simu.

Kalamu ya Njiro
Engo ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuonea wivu. Waliliona. Wakarudia kwa kulinganisha watu wa daraja lilelile: waliokutana na binti wakiwa bado juu ya daraja, na waliovuka wakapumzika kidogo kabla ya kukutana naye. Wote ni wajasiri sawa, tofauti ni moyo kutulia. Bado waliokuwa na moyo wa mbio walipiga zaidi.

Bosi wa Boda
Kwa hiyo abiria wangu wa kike akishuka pikipiki baada ya kona za Kibosho ndiyo muda wa kuomba namba. Nimeelewa somo.

Nesi wa Zamu
Hukuelewa. Kwenye jaribio anayedunda ndiye anayepiga simu. Wewe ndiye unaendesha.

Mimi niseme la shajara maana nilishawahi kushiriki moja. Unapewa fomu fupi, kila ukizungumza na mtu kwa dakika kumi au zaidi unaandika alikuwa nani, muda gani, ulijisikia huru kiasi gani. Nimeambiwa mtindo huo unatokana na Ladd Wheeler na John Nezlek wa Marekani, 1977. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tano nikaona kwenye karatasi zangu kwamba na mume wangu sikuwa nimefikisha dakika kumi hata mara moja. Zamu ya usiku, zamu ya mchana, tunapishana mlangoni na funguo. Ungenidodosa wiki ile ningesema tano na ningekuwa nasema kweli kwa moyo mmoja.

Sikuonyesha fomu nyumbani. Nilibadilishana zamu mbili tu.

Takwimu za Soweto
Hiyo ya Nesi ndiyo sababu wataalamu wanaipenda shajara, mtu haombwi kukumbuka mwezi mzima.

Karani, nikupe mchezo mmoja wa bure. Michael Ross, huyohuyo wa Kanada, na Fiore Sicoly, 1979, waliwahoji wanandoa 37, kila mmoja kando, kuhusu kazi za nyumbani na mambo mengine ya ndoa: kupika, kusafisha, hata kuanzisha ugomvi. Kila mmoja anaonyesha sehemu yake. Ukijumlisha mume na mke inatakiwa ifike mia. Kwa wengi ilizidi. Na hawakuwa wanajisifu tu, maana hata kwenye kuanzisha ugomvi watu walijipa sehemu kubwa. Kazi uliyoifanya wewe unaikumbuka, ya mwenzako ilifanyika ukiwa kwingine.

Vijijini hutumii asilimia, unatumia maharage kumi. "Haya ni maji yote ya nyumba hii, nigawie yako na ya mwenzako." Kila mmoja peke yake. Nambieni mtakachopata.

Karani wa Rau
Nimerudi wakuu, samahani kwa kupotea.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza yote. Kwanza alikasirika, halafu akakaa chini. Jibu la mama hatukuligusa, amesema mdodosaji akianza kubadilisha majibu kwa nia njema kesho atabadilisha kwa nia mbaya. Dodoso limewekewa alama kwamba halikuwa na faragha, na maneno ya mama yameingia kwenye sehemu ya maoni bila kumtambulisha. Alipozipitia fomu zetu wote, zenye hali hiyo zilikuwa nyingi mno, mpaka mafunzo yakarudiwa. Sasa tunakwenda wawili wawili, mimi na dada mmoja. Mimi nakaa na baba nje, yeye na mama ndani, kwa wakati mmoja.

Kalamu ya Njiro
Safi. Ila kama ndani kuna maswali ya vipigo, ondoeni ya baba. Mume akishajua aliulizwa nini, anajua na mke aliulizwa nini. Ndiyo maana ile kanuni ya mtu mmoja kwa kaya.

Karani wa Rau
Hayamo, nimehakikisha. Tano zimepungua. Na tumeambiwa tusifunge kishkwambi haraka, tukae kidogo baada ya swali la mwisho. Mama Kiboriloni, ile ila inakuja hapo hapo, dada anaandika mpaka mkono unauma.

Mama Kiboriloni
Na chai mnakunywa?

Karani wa Rau
Tunakunywa mama.

Bosi wa Boda
Mimi niliwaficha, nina mchumba tunaishi naye, sikuwaambia. Nimefanya ule mchezo wa maharage, kazi zote za ndani. Mimi nikajiwekea sita. Yeye kando akajiwekea tisa.

Kumi na tano kati ya kumi. Nimeambiwa hayo matano ya ziada nikayachambue na kilo mbili nyingine, na niyabandike mwenyewe.